Kumfundisha mtoto kusoma: kitabu cha picha au kadi za silabi?

Kwa gharama, kadi zinashinda: boksi kuukuu na kalamu ya wino mzito vinatosha kutoa ba, be, bi, bo, bu na nyingine kibao. Andika kila silabi mara mbili, la sivyo "baba" haiundiki. Ubaya wake, hupotea ovyo.

Kitabu hujenga msamiati na mtiririko wa kisa. Pitisha kidole chini ya maneno, na kabla ya kufunua ukurasa unaofuata, uliza: "Sasa itakuwaje?" Ila mtoto hukariri kisa kizima, ukadhani anasoma. Ziba picha kwa kiganja, utajua. Kurasa nyembamba huchanika. Za kadibodi hustahimili hata meno.

Mtoto wa miaka 2 au 3, kitabu. Anayetambua tayari herufi za jina lake, kadi dakika 10, kisha kitabu.