Vifaa vya kutengeneza lenzi iliyoanguka: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe dukani

Seti nyingi zinazouzwa mtandaoni kwa jina la vifaa vya kutengenezea kamera hujazwa vitu ishirini au thelathini ndani ya mkoba wa zipu. Kwa lenzi iliyoanguka, vinavyostahili pesa yako havizidi sita: bisibisi sahihi, jiliwa la pete ya filta, spana ya pete, mipira ya kufungulia, pampu ya mkono ya kupulizia vumbi, na spiriti safi. Vilivyobaki ni vya kutengenezea simu, vimehamishiwa mkoba mwingine tu. Tunaanza na bisibisi, kwa sababu ikiwa mbovu inaharibu kila kazi inayofuata.

Skrubu za lenzi za Canon, Nikon, Sony, Sigma na Tamron kwa macho zinafanana na nyota ya kawaida, lakini nyingi ni msalaba wa kiwango cha Japani, JIS. Ncha ya nyota ya kawaida, Phillips, ina mikunjo ya mviringo kati ya mbawa zake, kwa hiyo inagota kwenye kona za mfereji kabla haijafika chini. Ukizungusha kwa nguvu inapanda, inaruka nje, na kuondoka na chuma cha kichwa cha skrubu. Skrubu hizi zina kipenyo cha milimita 1.4 hadi 2 hivi. Kichwa kikiliwa mara mbili hakuna tena pa kushika, na kazi iliyokuwa ya robo saa inageuka kuwa ya kutoboa kwa drili, jambo ambalo halifai kabisa karibu na kioo.

Bisibisi za Vessel, kampuni ya Osaka, ndizo tunazozipendekeza bila kusita. Ncha zake ngumu zinajaa mfereji bila kucheza, na kofia ya juu inazunguka peke yake, hivyo kidole kinabonyeza huku vidole vingine vinazungusha. Saizi 00 na 0 zinakamilisha karibu kazi yote ya lenzi. Ya 000 ni ya skrubu ndogo za ndani ambazo kwa ajali ya kawaida hutazifikia. Zile seti za ncha sitini za kubadilishana hatuzipendekezi: ncha inacheza ndani ya mpini, na katika skrubu ya milimita 1.4 mchezo huo mdogo ndio unaokula kichwa. Nguvu iende chini zaidi kuliko inavyozunguka, na mpini usimame wima kabisa.

Skrubu ikikataa, usiongeze mkono. Viwandani hupakwa gundi ya kuzuia kulegea. Kama kitako ni cha chuma, gusa kichwa cha skrubu kwa ncha ya moto ya chuma kidogo cha kulehemu nyaya za umeme kwa sekunde kama kumi, kisha jaribu tena kabla haijapoa. Pwani, kwenye lenzi zilizopigwa na upepo wa chumvi, skrubu huwa zimeshika kutu pia. Hapo weka tone moja la petroli ya kiberiti cha Zippo kwa ncha ya sindano na usubiri. Asetoni inafanya kazi haraka zaidi, lakini ikigusa plastiki inaiyeyusha, kwa hiyo tunaiacha nje ya seti.

Jiliwa la pete ndicho kifaa cha pili kwa thamani, na wengi hawajui hata kama kipo. Lenzi nyingi huangukia mdomo, na pete ya mbele yenye hesi ya filta inabonyea. Jiliwa hili lina vitalu viwili vya chuma vyenye migongo ya mviringo na skrubu ndefu katikati. Unaviingiza ndani ya pete, kitalu kimoja kikae juu ya pale palipobonyea, kisha unazungusha skrubu, vitalu vinaachana na kuisukuma pete itoke nje. Kwanza ondoa kifuniko na filta. Kata duara la karatasi ngumu lifunike kioo cha mbele. Zungusha robo mzunguko, achia, tazama, sogeza kitalu milimita chache pembeni, rudia. Alumini hurudi nyuma kidogo kila unapoachia, hivyo ni lazima kupita kidogo ule mstari wa duara. Lengo ni filta iingie, basi. Anayetafuta duara kamilifu huipasua pete, kwa sababu chuma kilichokunjwa na kunyooshwa mara nyingi kinachoka. Pete ya plastiki usiijaribu, haikunjiki, inapasuka tu.

Chagua jiliwa ambalo vitalu vyake ni vya chuma kizima na si vya plastiki iliyopakwa rangi. La plastiki linajikunja lenyewe kabla ya pete.

Filta iliyovunjika na kukwama ni hadithi nyingine. Usianze kwa kuifuta: vipande vya kioo vitakwaruza kioo cha lenzi. Geuza lenzi itazame chini, ipulizie kwa pampu ya mkono vipande vidondoke, vikubwa uvitoe kwa kibanio. Hapo ndipo pete iliyobaki inafunguliwa. Kwa filta iliyokaza bila kubonyea, mpira wa kufungulia au glovu ya jikoni ya mpira inatosha, mradi usiifinye kwa vidole viwili. Ukifinya pande mbili, pete inakuwa yai na hesi zinajifunga zaidi. Weka kiganja chote juu yake na uzungushe. Ikiwa pete ya filta imebonyea pamoja na ya lenzi, nyoosha kwanza kwa jiliwa, kisha fungua. Ikigoma bado, ikunje pete ya filta kuelekea ndani kwa koleo, karatasi ngumu ikiwa juu ya kioo. Filta imekufa tayari, usiihurumie.

Spana ya pete, ile yenye mikono miwili inayosogea na ncha za kuingia kwenye vijitundu, ni ya lazima kwa lenzi za zamani za chuma na haina kazi kubwa kwenye lenzi mpya za plastiki. Kama lenzi yako ni ya otofokasi ya miaka ya karibuni, iache dukani. Ukiinunua, hakikisha skrubu za kufunga mikono zinakaza kweli, kwa sababu ikiteleza mara moja inachora kioo kutoka ukingo hadi katikati.

Sasa kitako, sehemu ambayo lenzi inajifunga kwenye kamera. Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoharibika mara nyingi zaidi. Umbali kutoka uso wa kitako cha kamera hadi kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, umewekwa kwa vipimo vikali: milimita 44 kwa Canon EF, 46.5 kwa Nikon F, 18 kwa Sony E, 16 kwa Nikon Z. Ili lenzi ilingane na umbali huo, kiwanda huweka chini ya kitako chake vipande vyembamba vya chuma, shimu, vingine vyembamba kuliko karatasi. Ukifungua kitako bila kuangalia, vinashikamana na grisi au vinaanguka mezani bila kuonekana. Ukivisahau, lenzi inakaa karibu mno na sensa, na fokasi ya mbali kabisa inapitiliza. Ukiongeza, haifiki. Ukirudisha shimu upande mmoja tu, kitako kinainama na nusu ya picha inakuwa na ukungu. Kwa hiyo piga picha kwa simu kabla ya kuinua chochote, weka alama ndogo ya kalamu kwenye kitako na kwenye mwili wa lenzi, na kila shimu iwekwe mahali pake kwenye karatasi iliyochorwa duara la kitako.

Skrubu nazo hazilingani urefu. Skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inatoboa fleksi, ule utepe wa umeme, au kusukuma kioo. Bandika kila moja kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwenye mchoro wako, mahali ilipotoka. Trei ya mayai nayo inafaa, na haiuzwi kwenye seti yoyote.

Chini ya kitako utakutana na kizuizi cha pini za umeme chenye skrubu zake ndogo, na fleksi inayokwenda kwenye bodi ya mzunguko. Usivute kitako moja kwa moja juu. Fungua kwanza pini hizo, kisha inua polepole ukiangalia utepe. Soketi za fleksi ni za aina mbili: ya kifuniko kinachonyanyuliwa juu, na ya kitelezi kinachovutwa nje. Kunyanyua kitelezi kunakivunja, na soketi mpya ya ukubwa huo inahitaji mashine ya hewa moto. Kabla ya yote haya, kama kamera ya Canon inaonyesha Err 01 baada ya ajali, safisha kwanza pini za nje kwa spiriti. Ujumbe huo unamaanisha mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu, na wakati mwingine ni uchafu tu.

Kwa anayejifunza, Canon EF 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990 ni lenzi nzuri ya kuanzia. Ina kitako cha plastiki na uzito wa gramu 130 hivi, na ikianguka hujulikana kwa kutengana vipande viwili, kwa kuwa sehemu ya mbele imeshikwa na ndoano za plastiki. Kama ndoano hazijakatika, inarudi kwa kulinganishwa vizuri na kusukumwa hadi ilie. Zikikatika, nunua sehemu au lenzi nyingine mbovu ya kuchomolea vipuri. Toleo la STM la 2015 lina kitako cha chuma.

Usigundishe ndoano hizo kwa supaglu. Mvuke wake hutua juu ya kioo na kuacha utando mweupe, na plastiki yenyewe haishiki mzigo. Gundi ya epoksi ya dakika tano ni bora kwa nyufa za nje zisizobeba kitu. Kwa bawa la kitako lililokatika, hakuna gundi inayofaa: badili kitako chote, maana siku likiachia tena lenzi inaanguka upya.

Spiriti ya kusafishia iwe isopropili ya asilimia 99. Ile ya dawa ya asilimia 70 ina maji, inaacha madoa kwenye kioo na inakaa muda mrefu kwenye pini. WD-40 isiingie chumba hicho. Mafuta yake yanatambaa hadi kwenye majani ya apacha, tundu linalopitisha mwanga, ambayo yanatakiwa yawe makavu kabisa, na majani yenye mafuta yanachelewa kufunga, picha zinatoka nyeupe.

Kabla ya kununua chochote, tikisa lenzi polepole. Lenzi nyingi zenye kitulizo cha picha, IS au VR, hulia ndani zikiwa hazina umeme, na huo si ubovu. Lakini zumu inayokwama nusu njia mara nyingi ina kijiroli cha nailoni kilichopondeka, na kijiroli hicho kipo ndani kuliko pale ambapo seti hizi zinakufikisha. Kamera ndogo ya mfukoni yenye flashi iliyoanguka na lenzi yake usiifungue kamwe nyumbani: kapasita ya flashi inahifadhi volti karibu 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Ukimaliza, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu ikitazama sawasawa, fungua apacha hadi mwisho na ulinganishe pembe nne. Zote zikiwa na ukungu kidogo kwa kiasi kilekile, ni tabia ya lenzi. Pembe moja ikiwa na ukungu peke yake, angalia kitako na shimu kwanza. Shimu zikiwa sawa, kioo kimehama: toboa karatasi ya alumini kwa sindano, iweke mbele ya tochi kwenye chumba cha giza, na upige ile nukta ikiwa nje ya fokasi. Ikitokea duara lenye kiini pembeni, skrubu zilizopakwa rangi zinazoshika vioo usiziguse. Hizo zinarekebishwa kwa kolimeta, kifaa cha kupimia mpangilio wa vioo, na fundi mwenye kolimeta atahitaji kuzikuta pale kiwanda kilipoziacha.