Viungo vya jikoni kwa anayesumbuliwa na uvimbe na maumivu ya magoti: nini ununue kwanza

Unga wa manjano unaopimwa kwa kijiko kutoka kwenye gunia lililo wazi ndio unaouzwa zaidi sokoni, na ndio tunaouweka karibu na mwisho wa orodha hii. Kama fedha yako inatosha vitu vitatu tu, nunua manjano ambayo hayajasagwa, tangawizi mbichi na pilipili manga nzima. Mdalasini unafuata, kisha karafuu.

Kijiko cha chai cha unga wa manjano kina gramu 3 hivi. Kurkumini, kemikali inayochunguzwa sana kwa habari ya uvimbe, ni takriban asilimia 3 ya unga huo, yaani kama miligramu 90. Majaribio mengi yaliyofanywa kwa watu wenye maumivu ya magoti yalitumia miligramu 500 na kuendelea kwa siku, tena ikiwa imeshakamuliwa kutoka kwenye mizizi. Kwa hiyo mchuzi wa manjano hauwezi kushika nafasi ya dawa ya baridi yabisi wala ya jongo. Ni msaada mdogo wa kila siku, na hata huo mdogo unapotea ukinunua unga uliochakachuliwa au ukiuunguza jikoni.

1. Manjano

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu bidhaa moja inauzwa kwa sura tano na hazilingani.

Bora kuliko yote ni manjano mabichi. Chagua kidole kigumu kinachokatika kwa mlio, ndani kikiwa na rangi ya chungwa iliyokolea. Kilichonywea, kinachobonyea, au chenye ukungu pale kilipokatwa, kiache. Mabichi yana maji mengi: kilo 5 zikikaushwa hutoa karibu kilo 1. Kwa hesabu hiyo, kipande cha gramu 15, karibu urefu wa kidole gumba, ndicho kinacholingana na kijiko kimoja cha unga. Kikwangue, kisha kitwange pamoja na kitunguu saumu.

Ya pili ni manjano makavu mazima ambayo utayasaga mwenyewe. Hata haya yakague. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nchini Bangladesh baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiing'arisha mizizi kwa kromati ya risasi, rangi ya kiwandani yenye madini ya risasi ambayo ni sumu, ili ipate njano ya kuvutia. Risasi haiondoki kwa kuchemsha, na huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo vunja kidole kimoja mbele ya muuzaji. Manjano halisi yana ganda lililofifia, lenye vumbi la kahawia, na ndani ndiko kwenye rangi. Ukikuta nje kunang'aa kuliko ndani, na kiganja kinabaki na unga wa njano kwa kushika tu, nenda meza nyingine.

Kusaga nako kuna utaratibu wake. Mzizi mkavu ni mgumu mno. Ukiutia mzima kwenye blenda, kisu kinakatika au mota inaungua. Utwange kwanza kwenye kinu hadi upate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ndipo usage kidogo kidogo na kuchekecha. Ukipeleka mashineni, omba wapitishe kwanza konzi moja ya manjano yako na waitupe, kwani mashine iliyotoka kusaga pilipili hubaki na mabaki yake.

Ya tatu ni unga wa paketi wenye alama ya TBS, KEBS au ZBS, tarehe ya kufungashwa, na orodha ya vilivyomo yenye neno moja tu: manjano. Paketi iliyoandikwa bizari ya mchuzi ni mchanganyiko. Ndani yake manjano yanaweza kuwa machache, na mara nyingine kuna chumvi.

Ya nne ni unga wa gunia. Ukilazimika kuununua, ujaribu. Nyunyiza kijiko cha chai juu ya glasi ya maji, usikoroge, subiri dakika 10. Unga safi hushuka chini, na maji yanabaki na njano hafifu. Rangi ikianza kushuka kwa michirizi mikali papo hapo na glasi nzima ikawa njano ya kung'aa, usiule. Jaribio hili hukamata rangi za kuongeza, lakini si zote. Halitoi hakikisho kwamba hakuna risasi, na unga wa mahindi halikamati kabisa. Wa mahindi utaujua kwa ulimi: manjano halisi yana harufu ya udongo na uchungu unaobaki kinywani.

Za mwisho kabisa ni vidonge. Italia na Australia, mamlaka za afya zimetoa tahadhari baada ya watumiaji wa vidonge vya manjano kupata madhara ya ini. Vingi hutengenezwa ili kurkumini ipenye mwilini kwa wingi, na hapo si chakula tena. Tusingependa mtu avinunue bila kuongea na daktari.

Sasa upishi. Kurkumini huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji karibu haiyeyuki. Ndiyo maana mchuzi wa tui unayafaa manjano kuliko kikombe cha maji ya moto. Kwa sufuria ya watu wanne au watano: kaanga vitunguu hadi vilainike, punguza moto, tia kijiko cha chai cha manjano na ukoroge kwa nusu dakika tu. Ukizidisha, yanageuka kahawia na mchuzi wote unakuwa mchungu, na tui haliondoi uchungu huo. Tia nyanya mara moja ili kupooza mafuta, halafu samaki au maharage, kisha tui. Pilipili manga iliyotwangwa, robo kijiko, iingie mwishoni. Kama maharage umeyapika kwa magadi, usishtuke rangi ikielekea wekundu. Manjano hubadilika hivyo yakikutana na magadi.

2. Tangawizi

Majaribio kwa watu wenye magoti yanayouma yametumia kati ya nusu gramu na gramu 1 ya unga kwa siku, na nafuu iliyopatikana ilikuwa ndogo. Kiasi hicho kinafikika kwa chakula cha kawaida, jambo ambalo kwa manjano haliwezekani. Nunua mbichi: nzito mkononi, ganda limekaza, ikivunjwa inatoa maji na harufu kali. Yenye nyuzi nyingi imekomaa na ni kali zaidi. Inafaa supu na chai. Laini isiyo na nyuzi ni changa. Gramu 15 zilizotwangwa zinatosha sufuria ya supu. Kwa chai, ichemke dakika 10 sufuria ikiwa imefunikwa.

3. Pilipili manga

Tunaiweka juu kwa sababu ya piperini, kemikali inayoipa ukali wake. Katika jaribio la mwaka 1998, miligramu 20 za piperini ziliongeza kurkumini iliyoingia kwenye damu mara 20 kwa watu waliokunywa gramu 2. Usinunue ya unga. Harufu inaisha haraka, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Hata ikiwa nzima, angalia mbegu za papai. Zikikaushwa hufanana nayo, ila ni nyepesi, zina umbo la yai na hazina ukali. Tia konzi kwenye maji: punje nzuri nyingi huzama, za papai na mapepe huelea.

4. Mdalasini

Kuna aina mbili. Mdalasini wa Ceylon, ambao ndio unaolimwa Zanzibar, una maganda membamba yaliyokunjwa tabaka juu ya tabaka, na unavunjika kwa vidole. Kasia ni ganda moja nene, gumu, lililojikunja pande mbili. Kasia ina kumarini nyingi, kitu kinachoweza kuumiza ini. Kiwango cha Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na mtu wa kilo 60 anakifikia kwa gramu 2 hivi za kasia, chini ya kijiko cha chai. Kwenye pilau ya sikukuu haina neno. Kwa anayeutia kwenye uji kila asubuhi, anunue wa Ceylon, wa vijiti. Ukiwa unga huwezi kuzitofautisha.

5. Karafuu

Chukua nzima zenye vichwa, zisizochanganywa na makonyo. Ibonyeze kwa ukucha: mafuta yatoke. Ndani ya maji, nzuri huzama au husimama wima. Iliyokamuliwa mafuta hulala juu. Tatu au nne kwa sufuria zinatosha, zaidi ya hapo chakula hakiliki. Mafuta ya karafuu hayanywewi.

Kwa mwezi, nyumba ya watu watano ichukue manjano makavu gramu 100, pilipili manga 25, mdalasini 50 na karafuu 20. Yaliyosagwa yakae kwenye kopo lisilopitisha mwanga, mbali na mvuke wa jiko: mwanga unaua kurkumini, unyevu unaleta ukungu, na chenye ukungu hutupwa chote.

Chakula cha kawaida hakina shida kwa wengi, lakini anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwenye mawe kwenye nyongo au kwenye figo, na anayesubiri upasuaji, amuulize daktari kabla ya kuongeza kipimo. Anayetumia fenitoini ya kifafa ajue kwamba piperini nyingi huongeza dawa hiyo kwenye damu. Na goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, pamoja na homa, ni la hospitali siku hiyohiyo.