Usizichange: miezi minne na Aeon's End

Nilichokuwa natafuta ni mchezo wa misukule. Mdogo wangu ana ugonjwa wa filamu za maiti zinazotembea, nikataka tuwe na kitu cha mezani cha siku za mvua, wote tukiwa upande mmoja dhidi ya hayo mazombi, si kukomoana wenyewe kwa wenyewe kama kwenye last card. Shemeji alikuwa anarudi kutoka Marekani, nikamwagiza. Akaja na Aeon's End.

Ndani ya boksi hamna msukule hata mmoja. Kuna Gravehold, mji wa mwisho wa binadamu, uliojificha chini ya ardhi, na kuna majitu yanayopenya kwenye nyufa za ulimwengu kuja kuumaliza. Mdogo wangu aliinua karata moja, akalitazama dude lililochorwa, akasema, "Kaka, hii kama si msukule ni nini?" Yakaisha. Kwetu yote ni misukule. Na wale tunaowachezea sisi, wanaoutetea mji kwa uchawi, tumewaita waganga, maana mchawi kwetu hajawahi kutetea mji wa mtu.

Mchezo ni wa Kevin Riley, ulitoka 2016, unachezwa na mtu mmoja hadi wanne. Unaanza fukara: karata kumi, karibu zote hafifu. Crystal inakupa etha moja, yaani pesa ya humu ndani, na Spark inampiga adui pointi moja. Mezani kuna mafungu tisa ya karata za kununua: matatu ya vito, mawili ya vifaa tulivyovibatiza hirizi, manne ya uchawi. Ukinunua, karata inaingia kwenye zako, na siku itakapokurudia mkononi unakuwa na nguvu zaidi ya jana. Hiyo sehemu mpwa wangu wa darasa la saba aliielewa kabla yangu.

Kilichotutesa ni kitu kingine. Karata zako huruhusiwi kuzichanga. Kabisa. Zikiisha, unalipindua rundo la zilizotumika jinsi lilivyo, unaendelea.

Sisi tumekulia kwenye albastini. Kuchanga karata ni nusu ya utamu, kuna watu mtaani wanasifiwa kwa kuchanga tu. Usiku wa kwanza shemeji alimaliza rundo lake, na kabla hatujafungua mdomo alikuwa ameshalikata na kulichanga kwa mbwembwe zote, prrr, kama anamgawia mtu turufu. Tukaanza upya. Dakika arobaini zimekwenda.

Sheria ndogo hiyo inageuza kila kitu. Mwisho wa zamu yako unachagua mwenyewe karata ulizocheza zianguke kwa mpangilio gani, na kwa kuwa rundo litapinduliwa, uliyoitupa kwanza ndiyo itakayorudi kwanza. Zile ambazo hukuzitumia zinabaki mkononi. Kwa hiyo unapanga leo mkono utakaoushika raundi tatu mbele. Mke wangu, ambaye jikoni kwake hata vifuniko vya sufuria vina safu yake, alituacha mbali. Mimi huwa natupa tu, halafu nashangaa kwa nini napata Spark tano mkono mmoja.

Uchawi nao haulipuki papo hapo. Unauweka kwenye ufa, yaani nafasi yake iliyo mbele yako, zamu hii, unauachia zamu ijayo. Kila mganga ana nyufa nne, nyingine zimefungwa, na kuzifungua ni kulipa etha. Ile methali ya usipoziba ufa humu imepinduliwa kama rundo la karata: ukizembea kuufungua ufa, mji ndio unaobomoka.

Bahati ipo, ila imehamishiwa kwenye zamu. Kuna karata sita za zamu, mbili za adui na nne zetu, na hizo ndizo zinazochangwa kila raundi. Adui anaweza kutoka mwisho mara mbili, raundi mpya ikachangwa, akatoka tena mara mbili mwanzoni. Zamu nne mfululizo, nyie mnatazama. Imetutokea mara moja, na mdogo wangu aliondoka mezani kwenda kunawa uso.

Nisimulie mechi moja. Tulikuwa wawili: mimi nikimchezea Brama, mganga anayeponya, mdogo wangu akimchezea Mist, anayeweza kumvutisha mwenzake karata nne. Mbele yetu Rageborne, jitu la hasira, hasira zikijaa anapiga. Anaanza na uhai 70, mji una 30, kila mganga 10. Tukafika mahali Rageborne kabakiwa na 4, mji una 3, na mdogo wangu ana uchawi mbili zimeshakaa kwenye nyufa, zinatosha na chenji inabaki. Karata za zamu zimebaki mbili: moja yake, moja ya adui. Akaweka kidole juu ya ile ya juu, hakuifunua. Nje jenereta la jirani likazima na tukasikia feni zikipunguza mwendo. "Funua wewe," akaniambia. Nikafunua. Ya adui.

Tungeweza kuilaumu bahati tukalala. Tulikaa mpaka saa saba za usiku tukirudisha mechi nyuma, na kosa tukalipata: lilikuwa langu. Raundi tatu kabla nilitupa Crystal zangu kwanza na kito kizuri mwisho, kwa hiyo kilirudi kwa kuchelewa, nikapungukiwa etha mbili za kumaliza chaji za Brama, zile zinazotakiwa kujaa ndipo aponye. Uhai ambao ningemrudishia mdogo wangu ungemwacha apokee yeye lile pigo la raundi iliyopita, mji ukapona. Ndicho ninachokipenda na kukichukia humu. Ukifungwa, unamjua aliyekufungisha.

Tumecheza mara 11, tumeshinda 4. Na hiyo ni kwa majitu mepesi. Kuna mmoja anaitwa Prince of Gluttons ambaye kazi yake ni kula karata za sokoni, unakwenda kununua unakuta fungu limeliwa. Huyo hatujamgusa tena.

Malalamiko ninayo. Maandishi ni mengi na yote ni Kiingereza, tena cha kubanwa, kwa hiyo mama alikaa nusu saa tukimtafsiria akaona bora arudi kwenye tamthilia yake. Kupanga meza ni kazi, boksi ni zito, na kwa joto la Dar karata za Crystal zimeshaanza kujikunja. Tafuta vifuko vya plastiki mapema. Halafu kuna tatizo la kaka mkubwa. Kwa kuwa wote mko upande mmoja na mikono inajadiliwa wazi, anayejua zaidi anaishia kucheza kwa niaba ya kila mtu. Kwetu kaka mkubwa ni mimi. Mke wangu ameweka utaratibu: nikitoa ushauri usioombwa, naosha vikombe.

Kwa watu wanne ni mrefu, unasubiri zamu yako mpaka chai inapoa. Wawili ndiyo raha yake. Peke yako inachezeka, na kuna toleo la kidijitali la Handelabra ambalo linakupangia kila kitu lenyewe, ingawa halikupi nafasi ya kumkodolea mtu macho anapotaka kununua upuuzi.

Shemeji bado anachanga. Siku hizi tumempa zile karata sita za zamu, ndiyo kazi yake, na anazichanga kwa prrr ile ile. Adui akitoka mara mbili, wote tunamgeukia yeye.