Nyuzi tatu kwa dola 1,690: emajensi, ajenti kea na bima yetu ya kazini

Wiki hii wenzangu wawili wa zamu ya usiku, hapa ghalani Fort Worth, wameniuliza swali lilelile: mtoto akiumia Jumamosi, na bima ya kazini ninayo, nimkimbize wapi? Mmoja ana miezi minne tu tangu aingie Marekani. Nikaona niandike nilivyohudumiwa mwenyewe katika sehemu tatu, kati ya 2023 na 2024. Majina ya sehemu hizo sitayataja. Ninachotaka mkione ni aina yake, maana Texas imejaa za namna hiyo.

Kwanza bima yenyewe inavyosema. Dedaktibo, yaani kiasi ninachobeba mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, ni dola 2,500 kwa mtu mmoja. Ajenti kea, yaani kliniki ya kuingia bila miadi kwa magonjwa na majeraha madogo, ni dola 60 unazolipa dirishani, na hapo dedaktibo haihusiki. Emajensi, yaani idara ya dharura, unamaliza dedaktibo kwanza, halafu unalipa asilimia 20 ya kinachobaki, mpaka ufike dola 7,000 kwa mwaka. Ukishafika hapo, bima inabeba yote. Yenu inaweza kuwa na viwango vingine. Viko kwenye ule muhtasari wa mafao mliopewa mlipojiandikisha, ambao sheria inadai mpewe. Tafuteni sehemu inayohusu matibabu ya papo kwa papo: kuna mstari wa emajensi, mstari wa gari la wagonjwa na mstari wa ajenti kea. Mimi niliisoma baada ya kuumia mfukoni.

Kituo chenye taa nyekundu

Ilikuwa Jumamosi alasiri, Machi 2023. Mwanangu Zuhura, wakati huo ana miaka saba, alijikata kidole na mfuniko wa kopo. Damu ilikuwa nyingi, nikafunga kitambaa, tukaingia garini. Dakika nne kutoka nyumbani kuna jengo dogo zuri, lipo kwenye safu ya maduka, limebanwa kati ya saluni ya kucha na duka la piza. Juu limeandikwa EMERGENCY kwa taa nyekundu. Nikajua ni kliniki ya mtaani, maana ni dogo na hospitali haipo karibu. Hapo ndipo nilipokosea, na wengi wetu tunakosea hapohapo.

Huduma ilikuwa nzuri kupita kiasi. Hakukuwa na mtu hata mmoja sebuleni. Dakika sita baadaye tulikuwa chumbani na daktari. Nesi alimpa Zuhura juisi ya tufaha na kibandiko cha twiga. Daktari akamchoma ganzi, akamshona nyuzi tatu huku akimwuliza habari za shule. Baada ya saa moja tulikuwa tumeshatoka. Nilimpigia mama yangu siku ileile kumsifia daktari yule.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya wiki tano, kutoka bima, imeandikwa juu kwamba hiyo si bili. Isomeni hata kama si bili, maana ndiyo inayoonyesha bili itakayokuja itasema nini. Kituo kilidai dola 1,840 za kituo chenyewe na dola 612 za daktari. Jumla 2,452. Bima ikakubali 1,690 kuwa ndiyo bei, na kwa kuwa dedaktibo ya mtoto ilikuwa haijaguswa, zote 1,690 zikawa zangu.

Niliomba bili iliyochambuliwa, mstari kwa mstari. Ndani yake kuna namba 99283. Ziara za emajensi zina ngazi tano, kuanzia 99281 hadi 99285, na kidole cha mwanangu kiliwekwa ngazi ya tatu. Kingine kikubwa kilikuwa ada ya kituo, ambayo unalipia kwa sababu mahali pale daktari wa dharura na mitambo vinakaa tayari usiku na mchana. Kitu hicho kina gharama yake na sikibishii. Lakini nyuzi tatu hazikuvihitaji.

Kituo cha namna hii ni emajensi kamili inayojitegemea, haijashikana na hospitali. Tangu 2019 sheria ya Texas inavitaka vimpe mgonjwa karatasi inayosema wazi kwamba bei zake zinalingana na za emajensi ya hospitali, kwamba kunaweza kuwa na ada ya kituo, na kwamba huenda havimo kwenye mtandao wa bima yako, yaani orodha ya wenye mkataba nayo. Karatasi hiyo nilipewa. Sahihi yangu ipo. Nilisaini nikiwa nimemshika mtoto anayetokwa damu, na sidhani kama kuna mzazi anayesoma wakati ule.

Kwa kweli kituo hakikuwemo kwenye mtandao wetu. Dada wa bima aliyepokea simu alinieleza kitu kilichonituliza: kuanzia Januari 2022 kuna sheria ya nchi nzima inayozuia emajensi iliyo nje ya mtandao kukudai tofauti kati ya bei yao na kile bima ilichokubali. Zile dola 762 zilizobaki hawakuweza kunidai. Sheria hiyo inashika hata emajensi zinazojitegemea kama hii, na inashika helikopta ya wagonjwa. Gari la wagonjwa la barabarani sheria hiyo hailigusi, kwa hiyo hilo bili yake inaweza kuja yote.

Kwa tiba nawapa nyota tano. Kwa jinsi wanavyomwacha mtu aingie akidhani ni kliniki, nyota moja.

Ajenti kea ya barabara kuu

Hapa sina mengi. Miezi michache baadaye baba Zuhura aliteguka mguu akicheza mpira Jumapili. Safari hii nilikuwa nimeshatafuta kwenye programu ya bima ipi iko ndani ya mtandao. Tukakaa dakika hamsini tukisikiliza watu wakikohoa. Eksirei ikapigwa, mfupa mzima, akafungwa kifundo, tukalipa dola 60 na hakuna barua iliyotufuata.

Mambo matatu tu mjihadhari nayo. Mpiga eksirei wao hakai mpaka saa ya kufunga, kwa hiyo pigeni simu kabla hamjatoka. Na wakichukua kipimo cha koo au mkojo wakakipeleka maabara ya nje, maabara ina bili yake. Sisi tuliwahi kuletewa dola 38 za namna hiyo. Pia baadhi ya ajenti kea ni mali ya hospitali na hutoza kama tawi la hospitali, ada ya kituo ikiwemo. Ulizeni dirishani: mnatoza kama ajenti kea au kama hospitali? Wanalijua swali hilo.

Nyota nne.

Usiku wa kidole tumbo

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Februari 2024, siku ya kazi, baba Zuhura aliamka na tumbo linauma kuzunguka kitovu. Saa sita mchana maumivu yalikuwa yameshuka upande wa kulia, chini. Alitapika mara mbili. Nilimwambia twende hospitali, akasema, "Mama Zuhura, unakumbuka kidole?" Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakikumbuka. Tukangoja. Tukampa chai ya tangawizi. Saa moja jioni alikuwa hawezi kunyoosha mguu wa kulia, ndipo tukaenda ajenti kea, ileile, kwa sababu ni dola 60.

Nesi aliyetupokea ni wale wenye ruhusa ya kutibu. Alimlaza, akaweka vidole vinne pale chini kulia, akabonyeza taratibu, akashikilia, halafu akaachia ghafla. Alipobonyeza, mume wangu alikunja uso tu. Alipoachia ndipo alipopiga kelele, mpaka mtu akafungua mlango kutazama. Yule nesi hakurudia. Alivua glavu, akanitazama mimi badala ya mgonjwa, akasema hiki kitakuwa kidole tumbo, hapa hatuna CT, ile mashine ya picha za ndani ya mwili, wala chumba cha upasuaji, nendeni hospitali sasa hivi, usipitie nyumbani. Akaandika karatasi, akapiga simu mwenyewe kuwaambia tunakuja.

Tulilipa zile 60 hata hivyo, na ni halali yake.

Emajensi ya hospitali ilikuwa imejaa. Hakuna aliyetuuliza bima kabla ya nesi wa mapokezi kumwona na kumpima presha na joto. Hiyo nayo ni sheria, tangu 1986: hospitali yenye emajensi na inayopokea fedha za Medicare, bima ya serikali ya wazee, lazima ikupime na ikutulize hali yako, uwe na bima au usiwe nayo, uwe na makaratasi au usiwe nayo. Ajenti kea kwa kawaida haibanwi na sheria hiyo na inaweza kudai pesa mlangoni. Wanaolala na maumivu nyumbani kwa kuogopa kufukuzwa hospitali, naomba mlijue hilo.

Tulingoja kwa muda wa karibu saa tatu. Viti vigumu, taa kali, mtoto wa watu analia, na mimi nimekaa nahesabu dola kichwani huku namshika mkono mume wangu. Walipomwita, daktari alimwuliza maumivu yakoje. Kiingereza baba Zuhura anakijua, anakitumia kazini kila siku, ila usiku ule kilimkimbia. Wakaleta skrini yenye magurudumu, na ndani yake mkalimani wa Kiswahili, mama mmoja mwenye lafudhi ya Kongo. Akauliza, "Linachoma ao linanyonga?" Mume wangu akasema lilianza kunyonga, sasa linachoma. Nikaona bega lake limeshuka. Mkalimani huyo ni bure, hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kumtoa, na hamna haja ya kumtumia mtoto wenu atafsiri. Ombeni tu.

CT ikaonyesha kidole tumbo kimevimba lakini hakijapasuka. Saa kumi alfajiri walimpasua. Daktari aliniambia baadaye, kwa upole, kwamba tulifika bado kuna nafasi. Sikuweza kumwambia tangu saa ngapi tulikuwa tunangoja.

Kwa bima, hesabu ilikwenda hivi. Kilichokubaliwa ni dola 17,300. Tukatoa dedaktibo 2,500, na asilimia 20 ya 14,800 iliyobaki ni 2,960. Jumla 5,460. Ni pesa nyingi kwetu, sisemi uongo. Lakini hospitali ni ya shirika lisilo la faida, na hizo zinatakiwa kuwa na mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo, na mara nyingi hata wenye bima wanaweza kuomba. Unaweza kuomba ndani ya siku 240 tangu bili ya kwanza. Nilijaza fomu, nikaambatanisha stakabadhi za mshahara. Sehemu ya hospitali ilikuwa dola 3,900. Wakaikata nusu, iliyobaki tunalipa kidogokidogo kila mwezi bila riba. Bili za madaktari zilikuja peke yake na hazikupunguzwa.

Kwa upande wa hospitali, tiba nyota tano, kungoja nyota mbili.

Sasa jibu la swali lenu. Mkato, koo, mkojo unaowaka, sikio, kifundo kilichovimba, homa ya mtoto mkubwa anayecheza na kunywa maji: ajenti kea iliyo ndani ya mtandao, na anwani yake muiweke kwenye simu leo. Kifua kinachobana, uso au mkono uliolegea upande mmoja, maneno yanayotoka yamepinda, kushindwa kupumua, kichanga cha chini ya miezi mitatu mwenye homa, damu isiyokata, tumbo kama lile: emajensi, na kama hamwezi kuendesha pigeni 911. Msianze kufikiri kama mtandao unahusika. Sheria inaitaka bima ihukumu kwa dalili ulizokuwa nazo, kama mtu wa kawaida mwenye akili timamu angeziona ni hatari, hata kama mwishowe ilikuwa gesi tu. Wakikataa kulipa mna siku 180 za kukata rufaa. Mkiwa katikati, hamjui, nyuma ya kadi ya bima yetu kuna namba ya nesi anayepokea simu usiku na mchana. Ile Februari sikuipiga. Nilikuwa sijawahi kugeuza kadi.

Wiki mbili baada ya upasuaji, baba Zuhura alipoanza kutembea bila kujishika ubavu, nilipika chapati nikazipeleka ajenti kea kumtafuta yule nesi. Alikuwa amehamishiwa tawi la Arlington. Nikawaachia wenzake, nikawaandikia jina la mume wangu kwenye mfuniko wa hotpoti ili wamwambie kwamba mzima.