Dr. Strangelove kimya kimya: uzoefu wangu ukumbini

Nianze na jibu lenyewe, maana ndilo lililonichoma. Filamu imeshakwenda robo saa, midomo inacheza, maneno hayasikiki. Nikamfuata kijana wa mitambo kule nyuma, nikamwambia kwa adabu kwamba sauti za watu zimepotea. Hata hakunitazama. "Mzee, filamu ya 1964 hiyo. Ulitaka isikike vipi?"

Isikike! Filamu hiyo ilitoka na sauti ya njia moja tu, kila kitu mumo humo: neno, ngoma, mlio wa injini. Hakuna cha kupotea. Waliokuja kuigawa njia sita ni watengeneza diski wa baadaye, na katika mgao huo maneno ya waigizaji karibu yote huenda kwenye spika ya katikati. Ukumbi ule, hapa hapa kisiwani Mombasa, una spika mbili ndefu kama makabati, kushoto na kulia, zile za kukodishwa harusini. Ya katikati haipo. Amplifaya imeachwa ikiamini ipo, basi maneno yote yakawa yanatumwa kwenye tundu lisilo na waya.

Dawa yake haihitaji fundi. Ingia kwenye mpangilio wa spika wa amplifaya, pale pa katikati useme hakuna. Yenyewe itayagawa maneno kushoto na kulia. Au chukua rimoti ya deki, bonyeza kitufe cha sauti, chagua stereo, au ile sauti ya asili ya njia moja kama diski inayo. Nusu dakika. Kijana yule alichofanya ni kupandisha sauti, basi kila ndege ya mabomu ya B-52 ilipotokea, ngoma za kijeshi zilitupasua masikio, na rubani wake, Meja Kong mwenyewe, bubu.

Na jamani, hii si filamu ya kufukuzana. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, ameichukua vita ya nyuklia akaifanya kichekesho, na kichekesho chenyewe kiko kinywani. Peter Sellers anaigiza watu watatu, kila mmoja na usemaji wake: ofisa wa Kiingereza, Rais wa Marekani, na yule mtaalamu wa Kijerumani ambaye mkono wake haumtii. Chukua ile simu ya Rais kwa kiongozi wa Kisovieti. Wa upande wa pili hasikiki kabisa, ndivyo ilivyotungwa. Tunamsikia Rais tu, akimweleza mlevi kwa upole kwamba ndege zinakuja kuwapiga mabomu, kisha wanabishana nani ana majuto zaidi. Sellers alianza kumwigiza Rais huyo na mafua ya kuchekesha. Kubrick akayakataa, akataka mtu mzima anayesema taratibu. Sasa toa na hiyo sauti. Tulibaki na kipara, miwani na mkono wa simu, dakika nenda dakika rudi. Jamaa wa mbele yangu akatoa simu yake akaanza kutazama mpira.

Ukumbi ulicheka mara moja tu, Kong alipoteremka juu ya bomu kama aliyepanda punda wa Lamu, huku akipunga kofia. Hapo maneno si lazima.

Haki yao niwape: picha ilikuwa safi. Weusi ulikuwa weusi, si kile kijivu cha projekta za mikutano, na Chumba cha Vita, pale Rais anapokutana na majenerali wake, alichokibuni Ken Adam, kilionekana chote, ile meza ya duara na pete ya taa juu yake. (Meza ilifunikwa kitambaa cha kijani ingawa filamu haina rangi, Kubrick alitaka waigizaji wajihisi wako kwenye kamari.) Kiyoyozi nacho kinafanya kazi, na kwa joto la Mombasa hilo si dogo. Moyoni nilikuwa nimeshawapa nyota tatu.

Kisha mlangoni nikaomba pesa yangu, nikapewa soda. Na yenyewe moto. Nyota moja, na hiyo ni ya Ken Adam.

Wamebandika tangazo kwamba wataionyesha tena. Nitakwenda, filamu yenyewe haina kosa. Ila nitakaa safu ya nyuma, mkono ufike kwenye rimoti.