Deni ni langu, pesa ni za dadangu: miezi mitano na tawi moja la benki Mombasa

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya askari wa mlangoni, ya pili ni ya bibi mmoja wa ghorofa ya kwanza, na wote wawili nitawafikia. Jina la benki silitaji kwa kuwa lalamiko langu moja bado liko mezani kwao. Ni benki ambayo wengi wenu mna kadi yake mfukoni, na tawi ninalolizungumzia liko hapa kisiwani, mjini kati.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu na sare za shule Majengo. Nyumbani naishi na dadangu mdogo. Ana miaka 31 na alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, hulishwa, na maneno yake ni manne matano ambayo sisi wa nyumbani ndio tunaoyafahamu. Mamangu alimlea mpaka Mungu alipomchukua. Baada ya hapo mimi ndiye niliyeandikwa mlezi katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, ule upande wa watu wenye ulemavu mkubwa. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huja za miezi miwili pamoja, 4,000.

Kwa asiyejua hesabu za nyumba kama yetu: pakiti ya nepi za watu wazima, vipande 10, naipata kwa 950. Tukijibana, mchana tukamfunga vitambaa, kwa mwezi zinakwenda pakiti nne. Hapo sijagusa dawa za kifafa. Pesa zile hazitoshi hata zikija zote, lakini zisipokuja, yeye ndiye anayelala amerowa.

Kubadilisha mlezi kuna njia yake: cheti cha kifo cha mama, kitambulisho changu, barua ya chifu, kisha afisa wa ustawi wa jamii. Kote huko nilipokewa vizuri, ni muda tu uliokwenda. Nilipoulizwa pesa zije benki gani nikataja hii, kwa sababu tayari nilikuwa na akaunti ya kazi pale. Kijana wa dawati la akaunti mpya akafurahi. "Kaka, wewe ni wetu tayari, dakika kumi tumemaliza." Na kweli hazikufika kumi. Ningejua ninachokijua leo, ningeinuka kwenye kile kiti nikavuka barabara nikaenda benki nyingine yoyote, maana ile akaunti yangu ya zamani ilikuwa na deni.

Deni lenyewe lilianza hivi. Kabla ya Ramadhani iliyotangulia nilichukua ovadrafti ya 20,000, yaani benki ikaniruhusu kutoa zaidi ya nilichokuwa nacho kwenye akaunti, nikaenda Biashara Street nikanunua majora matatu ya kitambaa cha kanzu. Msimu ule kanzu zilizoshonwa tayari zilijaa mjini, za Dubai na za China, mtu ananunua asubuhi anavaa adhuhuri. Nilishona jora moja. Mawili yalibaki chini ya kitanda, na ovadrafti ikaanza kuzaa. Mpaka mambo haya yanatokea ilikuwa imefika 27,640 pamoja na riba na faini. Deni nalikubali, sijalikana hata siku moja. Na hukumu ya riba katika dini yangu naijua. Hilo ni baina yangu na Mola wangu.

Siku ya malipo ya kwanza chini ya jina langu, ujumbe uliingia saa nne asubuhi: umepokea 4,000. Simu sijaiweka chini, ukaja wa pili: 4,000 zimehamishwa kulipia deni. Salio 0.00.

Nilifunga kibanda nikaenda kwa miguu. Foleni ya pale si mbaya, niseme haki: unachukua tiketi, kuna viti, kuna feni. Nilikaa dakika arubaini hivi. Dada wa kaunta alinisikiliza huku akiandika kwenye kompyuta, kisha akasema, "Mfumo umekata wenyewe."

Nikamwambia hizo si pesa zangu.

"Kaka, akaunti zote mbili ni zako. Jina moja, kitambulisho kimoja."

"Jina ni langu. Pesa ni za dadangu mlemavu, mimi ni mlezi tu. Tazama hapo palipoandikwa zimetoka wapi."

Akatazama. Kwenye stetimenti jina la mpango limeandikwa wazi, hata mimi mwenye darasa la nane nililisoma. Akanyamaza kidogo, kisha akarudi pale pale: "Mfumo hauoni hivyo."

Neno hilo mfumo nililisikia mara nne siku ile, kwa watu watatu tofauti. Limeniuma kuliko zile 4,000. Mfumo umewekwa na watu, na mtu aliyeuweka angeweza kuuambia kwamba pesa zenye jina la Inua Jamii zisiguswe. Nilipouliza nani wa kuuambia, nikaambiwa nipige simu makao makuu. Nikapiga. Muziki, kisha sauti, kisha muziki. Mara ya tatu kijana mmoja alichukua maelezo yangu yote na kuniahidi nitapigiwa. Hakunipa nambari ya lalamiko, wala mimi sikujua kwamba ni haki yangu kuidai. Sikupigiwa.

Miezi miwili baadaye zikaja 4,000 nyingine, zikaenda njia ile ile.

Hapa ndipo nataka anayesoma akae kidogo. Jumla zilikuwa 8,000. Kwa benki yenye jumba lile, ni pesa za chai ya kikao kimoja. Kwetu ilikuwa jirani yangu, mama mtu mzima, kuleta leso zake za zamani na kuzikata vipande vya nepi. Ilikuwa ni mwenye duka la dawa Mwembe Tayari kutuandika kwenye daftari mpaka daftari likamtia haya yeye mwenyewe. Na kidonda cha kulalia kikamtoka dadangu upande wa nyonga, cha kwanza tangu mama afariki. Mama miaka yote hakuwahi kumwacha akapata kidonda. Nilikisafisha kwa maji ya chumvi usiku ule, naye ananitazama tu, hana neno la kuniuliza.

Niliporudi benki mara ya pili niliambiwa mwenye pesa aje mwenyewe wamwone. Sijui aliyesema alidhani nadanganya au alitaka nichoke. Nikakodi tuktuk, tukamfunga dadangu kwa leso asidondoke, tukaenda. Mlango wa tawi lile una ngazi sita na hauna njia ya kiti cha magurudumu. Yule askari alipotuona hakungoja kuitwa. Aliegemeza rungu lake ukutani, akashika kiti upande mmoja mimi upande mwingine, tukampandisha. Akatutafutia mahali penye feni. Alipojua kisa, ndiye aliyeninong'oneza: "Usiseme nao kwa mdomo. Andika barua, upigiwe muhuri kwenye nakala yako."

Na yule aliyesema dadangu aletwe? Hakutoka hata kumtazama. Tuliambiwa yuko kwenye mkutano.

Barua niliandikiwa na mwanasheria mmoja anayesaidia watu bure kule Tudor, mtu mpole, alinieleza jambo lenyewe mpaka nikalielewa. Benki ina haki ya kuunganisha akaunti za mteja mmoja, iliyo na pesa ikalipia iliyo na deni, na fomu niliyotia sahihi inasema hivyo kwa herufi ndogo. Lakini haki hiyo inataka anayedaiwa na mwenye pesa wawe mtu mmoja kwa nafasi moja. Pesa unazomshikia mwingine hazimo, madhali benki inajua ni za mwingine. Akanipa mfano: mweka hazina wa chama cha maziko akiwa na deni lake binafsi, benki haiwezi kulilipa kwa pesa za sanda za watu. Hapo nikaelewa kabisa. Akaongeza kwamba Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Aliyekusudiwa pale ni dadangu, si ovadrafti yangu.

Alinionyesha na jingine nisilolijua: sheria ya benki, kifungu cha 44A, kilichoanza kufanya kazi mwaka 2007, kinaweka mpaka. Mkopo ukishashindwa kulipika, riba haiwezi kuendelea kupanda ikapita kiasi kilichokuwa kinadaiwa wakati ule. Mimi sijafika huko, lakini kuna watu mtaani kwetu deni limewazalia mara tatu na hawajui waulize nini.

Binti ya mamangu mdogo anaishi Leicester. Nilipomsimulia kwa simu hakushangaa. Alisema Uingereza nako watu wanaoishi kwa posho ya serikali huliwa na ovadrafti vivyo hivyo, na washauri wa madeni wa kule huwafundisha wateja kuandika barua kabla pesa hazijaingia, kwamba kiasi fulani ni cha kodi ya nyumba na kiasi fulani cha chakula, na benki hutakiwa kuifuata. Nami nikatia maneno kama hayo kwenye barua yangu: kila pesa itakayoingia kutoka Inua Jamii ni ya matunzo ya dadangu, isiguswe kwa deni lolote. Tena nikaweka pendekezo la kulipa deni langu kwa mkono wangu, 1,500 kila mwezi kutoka kazini.

Sasa yule bibi. Barua ilipopigwa muhuri nilielekezwa ghorofa ya kwanza, kwa afisa wa mikopo. Mwanamke wa makamo, buibui jeusi, miwani. Aliisoma yote, akageuza akasoma tena. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dadako anaitwa nani?" Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza jina lake. Aliliandika. Akaniuliza kama kidonda kimepona. Kisha akanipa nambari ya lalamiko kwenye karatasi, yenye tarehe na sahihi yake, akaniambia Benki Kuu ina mwongozo wa kulinda wateja tangu 2013, kila benki iwe na utaratibu wa malalamiko, nao wakinikalia kimya niende huko na ile karatasi. Mfanyakazi wa benki kunionyesha mlango wa kuishtaki benki yake. Mola amlipe kheri.

Baada ya siku tisa za kazi alinipigia mwenyewe. Zile 4,000 za pili zimerudi. Akaunti ya dadangu imetenganishwa na yangu, na barua ya kuthibitisha hilo ninayo. Pendekezo la 1,500 wamelikubali, na nimeshalipa mara mbili bila kukumbushwa. Zile 4,000 za kwanza ndizo bado. Jibu la maandishi linasema zilikatwa "kabla ya benki kupokea maelekezo ya mteja." Hapo sikubali. Jina la mpango lilikuwa kwenye stetimenti tangu siku ya kwanza, walihitaji maelekezo gani zaidi? Nimejibu kwa barua ya pili, muhuri ninao.

Kwa walezi wenzangu nasema hivi. Kama una deni benki, hata dogo, hata la zamani ulilolisahau, usiipeleke akaunti ya mtu wako kwenye benki hiyo. Nenda pengine ukaanze upya. Na mwenye kufikiria simu ndiyo kimbilio, atazame kwanza Fuliza yake, ule mkopo wa M-Pesa: ikiwa hujailipa, pesa yoyote ikiingia M-Pesa deni ndilo linalotangulia. Ukishakatwa, usibishane kaunta. Vijana wale hawana uwezo wa kurudisha hata shilingi, mtachoshana bure. Omba stetimenti, piga mstari palipo na jina la mpango, andika barua, dai nambari.

Huduma nyingine za tawi hili ni za kawaida. Mashine ya nje huishiwa na pesa mwisho wa mwezi. Choo cha wateja hakuna. Ngazi sita bado ziko pale, na nilimwambia yule bibi kwamba ubao wa mbao tu ungetosha kwa kuanzia. Aliandika na hilo pia.

Malipo ya tatu yaliingia Jumatatu. Ulikuja ujumbe mmoja. Nilisimama na simu mkononi kama robo saa nikingoja wa pili, haukuja. Nikaenda mashine ya Digo Road, ikatoa noti nne za elfu. Mwenye duka la dawa nilimlipa daftari lake kwanza, nikachukua pakiti mbili za nepi, na kwa kilichobaki nikamnunulia dadangu halwa, laini, isiyohitaji meno.