Mashine ya presha ya betri: nzuri, ila pima mkono kwanza

Mimi ni muuguzi mstaafu. Presha nimeipima miaka yote kwa zebaki, stethoskopu masikioni na macho kwenye kioo, kwa hiyo wanangu waliponiletea mashine ya betri ya kufunga juu ya kiwiko (shilingi 95,000, duka la dawa Kariakoo), niliipokea kwa kuivizia.

Kwa matumizi ya nyumbani haina taabu. Unabonyeza, inajaza upepo, inauachia yenyewe, namba hizo hapo. Mzee wangu anazisoma bila miwani. Inatunza vipimo vya nyuma, na hilo daktari wake wa kliniki amelipenda kuliko mimi.

Shida ni mkanda. Umeandikwa ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 mpaka 32, na ndio huo mmoja tu ndani ya boksi. Alikuja wifi yangu, mwili wake umejaa mashallah, nikamzungushia futi ya cherehani katikati ya mkono wa juu: 37. Mashine ikatoa 146 kwa 92. Nikamwacha apumzike, nikatoa kipimo changu cha mshale chenye mkanda mpana: 138 kwa 86. Kwa namba ya kwanza mtu anaambiwa ana presha. Kwa ya pili anarudi zake nyumbani.

Na hili si geni hata kidogo. Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin, Italia, alipotoa kipimo chake cha mkanda mwaka 1896, mkanda wenyewe ulikuwa na upana wa sentimita 5 hivi na ulipandisha namba. Mwaka 1901 Mjerumani Heinrich von Recklinghausen akaupanua zaidi ya maradufu. Leo miaka 120 na ushee imepita, na kiwanda bado kinatuuzia saizi moja kama kanga!

Jingine la kujua: mashine hii haisikilizi. Riva-Rocci alishika mshipa kwenye kifundo cha mkono, akapata presha ya juu tu. Ya chini tulianza kuipata kwa urahisi mwaka 1905, Mrusi Nikolai Korotkoff alipoweka stethoskopu chini ya mkanda, akasikia mdundo unaanza, kisha unapotea. Mashine ya betri inanasa mtikisiko wa mshipa kupitia upepo wa mkanda, halafu inapiga hesabu. Ndiyo maana ukiongea au ukitingisha mkono inakuyumbia. Jirani yangu ana moyo unaoruka mapigo. Kwake inaandika kosa mara kwa mara, basi huyo nampima kwa masikio.

Zebaki siitamani tena, lakini. Kipimo kilikuwa kikipasuka wodini, vile vishanga vyake vinakimbilia chini ya vitanda na kugawanyika kila ukivigusa, na mvuke wake ni sumu. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimo hivyo vya zebaki, na walifanya vyema.

Nimerudi dukani, nimeongeza 30,000 kwa mkanda mkubwa wa mashine hiyohiyo. Kijana wa kaunta alikuwa nao kabatini siku zote, haulizwi, hasemi. Nendeni na futi.